Guido von List: Mfasiri wa Runi na Kivuli cha Fasiri Yake

Matini ya kale huwa yatima. Mwandishi wake hayupo tena kuitetea, na hatima yake hubaki mikononi mwa mfasiri. Ukweli huu unadhihirika bayana katika maisha ya Guido List, mwandishi wa Austria aliyezichukua runi, yaani herufi za kale za Ulaya ya Kaskazini, akazigeuza kuwa itikadi.

List alizaliwa jijini Vienna tarehe 5 Oktoba 1848 katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa bidhaa za ngozi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mwaka wa 1862 alipelekwa na babake kuyatazama makaburi yaliyo chini ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano. Huko, mbele ya madhabahu kuukuu, kijana huyo aliapa kwamba akishakua atamjengea hekalu Wotan, mungu ambaye Waskandinavia humwita Odin. Baba yake alipofariki mwaka wa 1877, List aliipa kisogo biashara ya ngozi na kujitosa katika uandishi. Aliandikia magazeti makala kuhusu milima, magofu na mila za mashambani, na mwaka wa 1888 akachapisha riwaya ya Carnuntum, inayosimulia mapambano ya makabila ya Kijerumani dhidi ya Dola ya Roma. Riwaya hiyo ilimpatia sifa miongoni mwa wazalendo wa Kijerumani wa Austria.

Kabla ya kuendelea, yafaa ieleweke runi zilikuwa nini hasa. Runi zilitumiwa na jamii zilizozungumza lugha za Kijerumani tangu takriban karne ya pili. Miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ni neno moja lililochongwa kwenye kitana kilichopatikana Vimose, nchini Denmark. Alfabeti ya kwanza ilikuwa na herufi 24. Baadaye, katika enzi ya Waviking, Waskandinavia walizipunguza zikawa 16. Ingawa baadhi ya maandishi yalihusishwa na uganga, mengi yalikuwa ya shughuli za kawaida. Katika mji wa Bergen, Norway, wachimbuzi walioanza kazi baada ya moto wa mwaka wa 1955 walifukua mamia ya vijiti vyenye runi. Vingine vilifungwa kwenye mizigo kuonyesha mwenyewe, vingine vilikuwa na maneno ya mapenzi, na kimoja kilimtaka mtu arudi nyumbani.

List hakuziona runi kwa jicho hilo. Mnamo mwaka wa 1902 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa miezi kumi na mmoja bila kuona. Katika giza hilo, alidai, siri ya runi ilimfunukia. Mwaka wa 1903 aliwasilisha mswada wake kuhusu lugha na alama za kale kwa Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Vienna. Mswada ulirudishwa bila maelezo. Msomi mwingine angalirejea kwenye ushahidi. List alirejea kwa wafuasi. Mwaka wa 1908 jumuiya yenye jina lake iliasisiwa ili kugharimia uchapishaji wa kazi zake, na kitabu chake kuhusu siri ya runi kikatolewa. Aidha, wakati huo alikuwa amekwisha kulitia jina lake neno von, alama ya ukabaila, akidai kuwa ametokana na ukoo bora.

Fasiri ya List ilijengwa juu ya Hávamál, shairi la kale la Iceland ambamo Odin anataja maganga kumi na manane anayoyajua. List alilioanisha kila ganga na runi moja, hivyo akaunda mfumo wa runi 18 na kudai kuwa ndio asili ya runi zote. Tatizo ni kwamba hakuna alfabeti ya runi ya kale inayojulikana yenye herufi hizo 18. Fauka ya hayo, alizipa baadhi ya runi maana mpya. Runi ya sauti /s/, ambayo majina yake ya kale yana maana ya jua, yeye aliiita Sig na kuihusisha na ushindi. Badiliko hilo dogo la kimaana lingekuja kuwa na athari kubwa kuliko riwaya na tamthilia zake zote.

Kosa lake halikuwa la kiisimu pekee. List alibuni tabaka la makuhani wa kale, akawaita Waarmani, na akaota dola ambamo watu wa asili aliyoiita ya Kiaria pekee wangekuwa na haki kamili. Runi zikawa hati ya kuthibitisha ubora wa kabila moja juu ya mengine. Alifariki jijini Berlin tarehe 17 Mei 1919 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa safarini kuwatembelea wafuasi wake.

Mauti hayakuizika fasiri yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, runi mbili za Sig zilifanywa nembo ya kikosi cha SS cha chama cha Nazi, kikosi kilichosimamia kambi za maangamizi. Runi nyingine mbili za mfumo wake, ya uhai na ya mauti, zilitumiwa katika makaburi ya askari wa kikosi hicho. Hadi leo, sheria ya Ujerumani inakataza kuionyesha hadharani nembo hiyo ya SS, isipokuwa kwa madhumuni kama vile elimu na sanaa.

Hata hivyo, runi zenyewe hazina hatia. J.R.R. Tolkien alizitumia katika riwaya ya The Hobbit ya mwaka wa 1937, na nembo ya teknolojia ya Bluetooth imeunganisha runi mbili za jina la Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya kumi. Wapo pia wanaozitumia kupiga ramli, hasa tangu Mmarekani Ralph Blum alipochapisha mwongozo wake mwaka wa 1982 na kuongeza runi tupu isiyo na alama, ambayo wahenga wa Skandinavia hawakuijua.

Kila kizazi kina haki ya kuipa alama ya kale maana mpya. Asicho na haki nacho mfasiri ni kuitwika mababu maana aliyoibuni mwenyewe. List aliivuka mipaka hiyo, na waliolipa si yeye bali mamilioni ambao hawakuwahi kulisikia jina lake.