Mfinyanzi wa nyuso zilizoungua

Hivi majuzi, nikiwa Malaba kando ya msururu wa malori ya mafuta yaendayo Uganda, nilisikia mabishano. Bwana mmoja alishikilia kwamba upasuaji wa plastiki ni anasa ya matajiri wanaohamishiwa mafuta ya tumbo mashavuni.

Mimi, mwalimu wa isimu, nalilaumu neno lenyewe. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Hata huko kuhamisha mafuta ya mwili kulianza kama tiba: mwaka 1893 Mjerumani Gustav Neuber alichukua mafuta ya mkono wa mgonjwa akajazia kovu la usoni.

Aliyeithibitisha maana hiyo kwa maisha yake ni Archibald McIndoe. Alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900, na mnamo 1930 akahamia London, ambako jamaa yake, Harold Gillies, alimwingiza katika fani hii. Vita vilipozuka mwaka 1939 alipelekwa East Grinstead, kusini mwa Uingereza, akawatibu marubani walioungua ndegeni. Aligundua kwamba walioangukia baharini walipona vyema zaidi, naye akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi. Kisha akawajengea upya kope, pua na midomo.

Hata hivyo, kazi yake kubwa zaidi aliifanya nje ya chumba cha upasuaji. Aliwasihi wenyeji wa mji ule wawakaribishe majeruhi majumbani na mikahawani bila kuwakodolea macho, nao wakaitika. Mwaka 1941 wagonjwa hao waliunda chama chao, kilichofikia wanachama 649.

Baadaye McIndoe alikuwa na shamba karibu na Kilimanjaro. Mwaka 1957, pamoja na Michael Wood na Tom Rees, aliasisi huduma ya madaktari wa ndege iliyokuja kuitwa AMREF. Alifariki mwaka 1960.

Kwa nini namkumbuka Malaba? Julai 2021 lori la mafuta lilipinduka Malanga, Siaya, katika barabara ya Kisumu kwenda Busia. Watu walikimbilia kuchota, moto ukalipuka, 13 wakafa. Wanaonusurika mioto ya namna hiyo hurudi sokoni na nyuso ambazo majirani huzikwepa. Kwao upasuaji huu si anasa, na serikali haina budi kuwafikishia. Lakini kutowakodolea macho hakuhitaji bajeti. Hilo ni letu sisi, na tunaweza kulianza leo.