Frateri Aliyeganda Mbele ya Watahini



Umesoma kweli kweli, ila ukishika karatasi ya mtihani mikono inatetemeka na akili inagoma. Mwenzio mmoja yalimkuta hayo: Mtakatifu Yohane Maria Vianney.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 huko Dardilly, karibu na Lyon, Ufaransa, kwa wazazi wakulima. Utotoni yakazuka Mapinduzi, shule zikavurugika, mapadre wakajificha. Hivyo alianza Kilatini akiwa na miaka kama 20, chini ya Padre Balley, paroko wa Écully, pamoja na wavulana wadogo. Alichokariri leo, kesho kimepotea. Siku moja mwenzake mdogo, Mathias Loras, alichoka kumwelekeza akampiga. Vianney ndiye aliyepiga magoti kuomba msamaha!

Mwaka 1813 aliingia seminari kuu ya Lyon. Masomo yalikuwa kwa Kilatini; baada ya miezi michache tu akaambiwa arudi nyumbani. Padre Balley hakumtupa. Walianza upya, safari hii kwa Kifaransa, kisha akampeleka Lyon kutahiniwa.

Jamani, pale aliganda. Mbele yake wamekaa wasomi, maswali ni ya Kilatini. Hofu ikamshika, akababaika, majibu yakatoka vipande vipande. Akashindwa.

Balley alijua kilichomo ndani ya mwanafunzi wake. Alikwenda kumwombea aulizwe tena, hapo hapo Écully, kwa Kifaransa. Akaulizwa, akajibu vizuri. Kichwa ni kile kile, elimu ni ile ile. Kilichopungua ni hofu tu.

Alipewa upadre Grenoble tarehe 13 Agosti 1815. Mwaka 1818 alitumwa Ars, kijiji cha watu kama 230. Miaka ilivyokwenda, maelfu wakamiminika kuungama kwake, naye akikaa kitini hata saa 16 kwa siku. Alifariki tarehe 4 Agosti 1859, akatangazwa mtakatifu mwaka 1925. Leo ni msimamizi wa maparoko.

Mimi pia niliwahi kuganda kwenye mtihani wa mdomo wa falsafa. Hata jina la Aristotle lilinitoka. Nilidhani wito umeishia pale. Kumbe hofu haipimi ulichonacho, inakifunika tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usikae na hofu peke yako. Mtafute Balley wako: mwalimu, mzazi, rafiki. Mwombe akuulize maswali kwa sauti kabla ya siku yenyewe, ili mdomo uzoee. Ukiingia chumbani, fanya ishara ya msalaba, vuta pumzi taratibu, anza na swali unaloliweza. Na usome! Vianney alisali sana, lakini kitabu hakukiacha.

Hata ukishindwa, Mungu hajafunga daftari lako.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.