Capablanca na adabu ya kumalizia ushindi

Miaka kadhaa iliyopita nilitenda kosa ambalo hunijia akilini kila nionapo ubao wa sataranji. Ilikuwa jioni, katika chumba cha mapumziko cha wahadhiri, nami nilikuwa nikicheza na mzee mmoja mstaafu aliyezoea kupitia pale kusoma magazeti. Mzee alikuwa amebakiwa na mfalme peke yake. Mimi nilikuwa na malkia, ngome na askari mmoja aliyekaribia mwisho wa ubao. Mtu mwenye busara angeumaliza mchezo ule kwa hatua chache tu. Lakini kwa kuwa palikuwa na watazamaji, nilimsukuma askari wangu hadi mwisho ili nijipatie malkia wa pili na watu wapate kucheka. Walicheka kweli, ila hawakumcheka mzee. Malkia wangu mpya aliuziba mraba wa mwisho ambao mfalme wa mzee angeweza kuukimbilia, na maadamu mfalme mwenyewe hakuwa ametishiwa, sheria ikatuamuru twende sare. Mzee alinipa mkono, akazirudisha kete sandukuni moja baada ya nyingine, akachukua kofia yake akaondoka.

Tangu siku hiyo nimeyasoma kwa makini zaidi maisha ya José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia aliyetoka Kuba, kwa sababu simjui mchezaji mwingine aliyelielewa jambo hili la kumalizia kama alivyolielewa yeye. Kuupata ushindi ni kazi moja, na kuufikisha nyumbani ni kazi nyingine. Wengi wetu hudhani ya pili hujifanya yenyewe.

Capablanca alizaliwa jijini Havana tarehe 19 Novemba 1888, wakati Kuba ilipokuwa bado chini ya Uhispania. Babake alikuwa afisa wa jeshi. Kisa kinachosimuliwa, na ambacho mwenyewe alikieleza alipokuwa mtu mzima, ni kwamba alijifunza sataranji akiwa na miaka minne kwa kumtazama tu babake akicheza, na kwamba hatua yake ya kwanza katika mchezo huo ilikuwa kumkosoa mzazi wake kwa kumwendesha farasi kinyume cha sheria. Mwaka wa 1901, akiingia umri wa miaka 13, alimshinda Juan Corzo aliyekuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa wa nchi ile. Mwaka wa 1906 alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York kusomea uhandisi wa kemia, lakini muda wake mwingi aliumalizia katika Klabu ya Sataranji ya Manhattan na akaacha masomo kabla ya kuhitimu. Mimi kama mwalimu wa chuo ningepaswa kusikitika, lakini kwa hili nimeshindwa. Mwaka wa 1909 alimkabili Frank Marshall wa Marekani, akamshinda michezo 8, akashindwa mmoja, wakatoka sare mara 14.

Mwaka wa 1921 alitoa kitabu chake cha kuwafunza wanaoanza. Mtu angetarajia kitabu cha aina hiyo kianze na hatua za kwanza za mchezo. Yeye alianzia mwishoni. Somo lake la kwanza ni ubao uliokaribia kuwa mtupu: mfalme na ngome upande mmoja, mfalme pekee upande wa pili. Anamfunza msomaji jinsi ngome inavyoukata ubao kama ukuta na kumwachia adui eneo dogo, jinsi mfalme wa mshindi anavyosogea kuisaidia, na jinsi eneo lile linavyozidi kufinywa mpaka mfalme wa adui afike ukingoni na kukosa pa kwenda. Anayeijua kazi hii huimaliza kwa hatua zisizozidi 16 hata zikianzia mahali pabaya kabisa. Asiyeijua anaweza kumfukuza adui huku na huko mpaka zipite hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, na hapo aliye hoi ana haki ya kudai sare.

Mjadala wa adabu unaanzia hapa. Kwa desturi ya wachezaji wakubwa, anayeona mchezo umemponyoka hukubali kushindwa bila kungoja mwisho. Humlaza mfalme wake na kutoa mkono. Wengine hulichukulia hili kuwa lazima, na hukasirika wakimwona mwanagenzi anaendelea kusogeza mfalme wake aliyebaki peke yake. Mimi sikubaliani nao. Aliyeshindwa ana haki ya kudai athibitishiwe kwamba mwenzake anajua njia. Mzee wangu alikuwa na haki hiyo, na mnajua nilivyomthibitishia.

Jina lenyewe la mchezo huu limesafiri njia ndefu. Kihindi cha kale, yaani Kisanskriti, kiliuita chaturanga, kwa maana ya jeshi lenye viungo vinne. Waajemi wakalipokea jina hilo, Waarabu wakalifanya shatranji, nasi tukapata sataranji. Tamko la mwisho wa mchezo, shah mat, watu wengi hulifasiri kuwa mfalme amekufa, kwa kulihusisha na neno la Kiarabu lililotupatia maiti. Wataalamu wengi wa Kiajemi husema maana ya asili ni kwamba mfalme ametatizika, hana la kufanya. Naona fasiri hii inaafiki sheria za mchezo, kwani mfalme wa sataranji haliwi kamwe. Mchezo hukoma hatua moja kabla ya hapo, ilhali kete nyingine zote huondolewa ubaoni bila heshima yoyote.

Mwaka huohuo wa 1921, jijini Havana, Capablanca alikutana na Mjerumani Emanuel Lasker, aliyekuwa ameshikilia ubingwa wa dunia tangu 1894. Mapambano yalipangwa yafikie michezo 24. Baada ya michezo 14 Capablanca alikuwa ameshinda minne, kumi imekwenda sare, na Lasker hakuwa na ushindi hata mmoja. Mzee yule mwenye miaka 52 aliacha pambano zima akaukabidhi ubingwa. Capablanca hakushindwa mchezo wowote wa mashindano rasmi tangu 1916 hadi 1924, alipoangushwa na Richard Réti mjini New York.

Mashindano hayohayo ya New York ndiyo yaliyotupa mchezo ambao ningemwonyesha kila kijana anayependa kuhesabu nyara. Capablanca alikuwa akicheza na Savielly Tartakower, na kila mmoja alikuwa amebakiwa na ngome moja na askari kadhaa. Mchezaji wa kawaida angekazana kulinda askari wake. Capablanca alimwacha mpinzani ale mmoja, kisha wa pili, na kila mara ngome ya Tartakower ikimtishia mfalme wake. Wakati huo mfalme alikuwa akitembea, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye ngome ya adui. Alipofika katikati ya maadui alimkuta askari mmoja wa Tartakower ambaye angeweza kumla bila taabu. Hakumla. Alimpita akasimama nyuma yake, akamfanya ngao ya kuzuia vitisho vya ngome. Mfalme wa Tartakower alikuwa amebanwa ukingoni, na askari wake wakaanza kuliwa mmoja mmoja. Katika hatua ya 52 alikubali kushindwa, na hapakuhitajika mtu wa kumweleza sababu.

Huko ndiko kumalizia ninakokusudia. Tunaowajua wachezaji wa drafti chini ya miti mijini mwetu, wanaogonga vifuniko vya soda kwa kishindo na kumtangazia mpinzani aibu yake kabla ya mchezo kwisha, tunajua pia ni mara ngapi kishindo hicho hufuatwa na kimya. Capablanca hakuwa na kishindo. Alikwenda moja kwa moja kwenye lengo, na kwa kufanya hivyo alimpunguzia mpinzani muda wa kuaibika.

Sitaki hata hivyo nimfanye malaika. Mwaka wa 1927 aliutetea ubingwa wake mjini Buenos Aires dhidi ya Mrusi Alexander Alekhine, ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kumshinda. Mshindi angekuwa wa kwanza kufikisha ushindi mara sita, sare zisihesabiwe. Mchezo wa 27 ulipoanza Alekhine alikuwa na nne na Capablanca mbili. Capablanca aliujenga mchezo ule vizuri kabisa mpaka ushindi ukawa mkononi. Ndipo alipomsogeza mfalme wake kwenye mraba usiofaa, na malkia wa Alekhine akapata njia ya kumtishia mfululizo bila kikomo. Sare. Alishinda mchezo wa 29, na kama angekuwa ameumalizia ule wa 27 wangekuwa sawa, nne kwa nne. Sijui mfano bora zaidi wa gharama ya hatua moja, na mtendaji ni yeye aliyewafunza wengine.

Mchezo wa 34, uliokuwa wa mwisho, ulifikia hatua 82. Uliishia katika ngome na askari, uwanja uleule aliokuwa mwalimu wake, na safari hii Alekhine ndiye aliyemalizia kwa subira. Ulipoahirishwa kwa mara ya mwisho, Capablanca hakurudi ukumbini. Alituma barua ya kukubali kushindwa na kumpongeza bingwa mpya. Wapo wanaomtetea kwa kusema barua ni adabu tosha. Kwangu mimi mkono ulikuwa wajibu, na hasa kwa mtu ambaye Lasker alimkabidhi taji jijini kwake.

Alekhine naye hakumpa nafasi ya marudio. Alishikilia masharti ambayo Capablanca mwenyewe aliyaweka mwaka wa 1922 alipokuwa bingwa, kwamba mwenye kudai pambano alete dola 10,000, na miaka ikapita. Walikutana tena mwaka wa 1936 mjini Nottingham, katika mashindano ya kawaida, Capablanca akashinda mchezo wao na kushika nafasi ya kwanza pamoja na Botvinnik. Pambano la ubingwa halikuja. (Mimi pia niliomba marudio kwa yule mzee, mara mbili. Aliniambia kwa upole kwamba macho yake hayaoni vyema usiku.)

Jioni ya tarehe 7 Machi 1942, katika klabu ileile ya Manhattan iliyomtoa darasani ujanani, Capablanca alikuwa akitazama wengine wakicheza alipoanguka ghafla. Alifariki siku iliyofuata katika hospitali ya Mount Sinai, alikofia Lasker mwaka uliotangulia. Mwili wake ulirudishwa Havana ukazikwa katika makaburi ya Colón. Juu ya kaburi lake pamesimamishwa kete moja kubwa ya marumaru, mfalme, naye hakulazwa.