Bikila: Shujaa aliyelemewa na jeraha la mguu

MWANARIADHA Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie alipojizolea sifa mwaka wa 1960, kwa kushinda mbio za marathon za Olimpiki jijini Rome akikimbia miguu mitupu.

Mnamo 1964, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, alihifadhi taji lake jijini Tokyo kwa rekodi ya dunia ya saa 2:12:11.2. Alikuwa wa kwanza kushinda mbio hizo mara mbili.

Hata hivyo, mwili si chuma. Mwaka wa 1968 aliingia Mexico City na jeraha la mguu ambalo halikuwa limepona. Alilazimika kujiondoa baada ya kilomita 17 hivi, naye mwenzake Mamo Wolde akatwaa dhahabu.

Mwaka uliofuata, ajali ya gari ilimpoozesha miguu. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, akashiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliaga dunia mwaka wa 1973 akiwa na umri wa miaka 41.

Wanariadha chipukizi wana la kujifunza kwake: ujasiri hauponyi mguu ulioumia. Tiba na mapumziko huja kwanza, mbio baadaye.