Sheikh Ibn al-Nafis, Faqihi na Tabibu

Ndugu wasomaji, mwanachuoni huyu alikuwa faqihi wa madhehebu yetu ya Shafii na tabibu mkubwa wa zama zake. Jina lake ni Ala al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qarashi. Alizaliwa upande wa Damascus mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijra (karne ya 13 ya Miladi), akasoma utabibu katika hospitali aliyoijenga Nur al-Din Zangi. Kisha akahamia Misri, akawa mkuu wa matabibu, huku akisomesha fikihi katika Madrasa ya Masruriyya, Kairo.

Zama hizo kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, ilikuwa haipingwi: kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapenya kushoto kwa vitundu visivyoonekana. Ibn Sina naye aliifuata. Lakini mwaka 1242 Ibn al-Nafis, akisherehesha maneno ya Ibn Sina, aliikataa. Alieleza kuwa kiambaza cha moyo ni kinene, hakina tundu. Damu huenda kwanza mapafuni ikachanganyika na hewa, ndipo ikarejea upande wa kushoto. Hakumvunjia heshima Ibn Sina, wala hakumfuata katika kosa. Hiyo ndiyo adabu ya elimu.

Sisi elimu hiyo tuliiacha rafuni. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alieleza mzunguko wote wa damu, akapata sifa. Na khabari ya mwenzetu haikuenea hata mwaka 1924, tabibu wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoizindua kutoka maktaba ya Berlin.

Na jambo hili si hadithi ya kale. Leo mzee apasuliwapo tezi dume kwa roboti iongozwayo na mkono wa tabibu, hulazwa kichwa chini na tumbo likajazwa hewa ya kaboni. Damu hushuka kichwani, na ubongo wa mzee ni mwepesi kudhurika. Kwa hiyo matabibu huweza kumbandika kipajini vyombo vya mwanga, wapime oksijeni ya ubongo wake. Oksijeni hiyo hufika kwa njia ile ile aliyoibainisha Sheikh: mapafuni, kisha moyoni.

Alifariki Kairo mwaka 687 Hijra (1288), umri wake ukikaribia miaka 80. Imepokewa kuwa matabibu walimshauri anywe mvinyo kwa dawa, akakataa kukutana na Mola wake hali umo tumboni mwake. Nyumba yake na vitabu vyake akaviacha kwa Hospitali ya Mansuri.

Hapa Kahawa Wendani tu jirani na hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, nasi twawaona wazee wakiletwa kutoka mbali. Wakfu zetu za pwani ni misikiti na visima, nazo ni kheri kubwa. Lakini ni nani kati yetu atakayeweka wakfu wa kumsomesha kijana mmoja utabibu?

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh, atuzindue na sisi. Amin.