Fra Angelico, Mtawa Aliyehubiri kwa Rangi

Zamani za kati, wachoraji wa Ulaya walizoea kuwaweka Watakatifu mbele ya dhahabu tupu. Dhahabu ile ilikuwa ishara ya mbingu. Haikuonyesha mlima, wala nyumba, wala kivuli.

Mwanzoni mwa karne ya 15, elimu mpya ilizaliwa katika mji wa Firenze, nchini Italia. Brunelleschi, fundi wa kujenga, alionyesha jinsi mistari ya picha inavyokutana mahali pamoja, hata jicho likaona umbali juu ya ubao ulio bapa. Kijana Masaccio naye akachora watu wenye uzito wa mwili na vivuli vyao. Je, mchoraji aliyejua kuonyesha dunia vema namna hii, hangesahau mbingu?

Aliyejibu kwa kazi ya mikono yake ni Guido di Pietro, aliyezaliwa karibu na Vicchio mwishoni mwa karne ya 14. Alikuwa mchoraji tayari alipoingia Shirika la Mtakatifu Dominiko huko Fiesole, akaitwa Ndugu Giovanni. Baadaye watu walimwita Fra Angelico, maana yake Ndugu wa Kimalaika.

Mwaka 1436 watawa wa Fiesole walipewa nyumba ya San Marco mjini Firenze. Yeye na wasaidizi wake wakachora kuta zake. Penye kichwa cha ngazi, Malaika Gabrieli ampasha Bikira Maria habari njema. Nguzo na matao yamepangwa kwa elimu ile mpya, hata mtu adhani aweza kuingia barazani. Lakini katika vyumba vingi vya watawa rangi ni chache, na ukuta ni mtulivu. Picha hizo hazikuwekwa ili kumstaajabisha mgeni, bali kumsaidia mtawa mmoja kusali.

Papa Eugenio IV alimwita Roma. Kisha Papa Nikolao V alimtaka achore maisha ya Mtakatifu Stefano na Mtakatifu Laurenti katika kapela yake ya Vatikano. Baada ya heshima hiyo alirudi Fiesole, akawa mkuu wa nyumba ya watawa wenzake. Alifariki Roma mwaka 1455, akazikwa katika kanisa la Santa Maria sopra Minerva. Mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alimhesabu kati ya Wenye Heri.

Basi, wasomaji wapendwa, elimu mpya ikija kwetu, tusiikimbie, wala tusiisujudie. Tuulize kwanza: yamtumikia nani?