Bruda Adam
Bruda Adam, O.S.B. (jina la kuzaliwa: Karl Kehrle, Mittelbiberach, Ujerumani, 3 Agosti 1898 – Buckfast, Uingereza, 1 Septemba 1996) alikuwa mmonaki Mbenedikto na mfugaji nyuki. Anajulikana hasa kwa kuzalisha nyuki wa Buckfast, aina iliyotokana na jitihada zake za kupata nyuki wanaoweza kustahimili magonjwa bila kutegemea dawa.

Maisha ya awali

Karl alikuwa na umri wa miaka 11 mama yake alipomtuma kwenye abasia ya Buckfast, katika wilaya ya Devon, mwaka 1910. Wamonaki walikuwa wakijenga kanisa lao kwa mikono yao wenyewe, naye akapangiwa kazi ya uashi. Afya yake haikuimudu kazi hiyo, hivyo mwaka 1915 akahamishiwa kwenye manzuki kumsaidia Bruda Columban.

Ugonjwa wa Isle of Wight

Wakati huo nyuki wa Uingereza walikuwa wakifa kwa wingi. Ugonjwa ulikuwa umeanza kuonekana katika kisiwa cha Wight mwanzoni mwa karne ya 20, kisha ukavuka bahari na kuenea bara. Nyuki wagonjwa walishindwa kuruka. Walitambaa ardhini mbele ya mzinga hadi wakafa. Katika majira ya baridi ya 1915-1916 abasia ilipoteza makundi 30 kati ya 46.

Kijana huyo aliangalia zaidi makundi 16 yaliyobaki. Nyuki weusi wa kienyeji walikuwa wamekwisha, na waliosalia walikuwa wa asili ya Italia na Karniola, au machotara wao. Mwaka 1917 akaanza kuzalisha malkia kutokana na uzao wa malkia wa Kiitalia na madume wa kienyeji, na huo ndio mwanzo wa nyuki wa Buckfast. Tarehe 1 Septemba 1919 akakabidhiwa manzuki yote, akiwa na umri wa miaka 21.

Chanzo cha ugonjwa kilitangazwa mwaka 1921, baada ya John Rennie na wenzake huko Aberdeen kugundua utitiri wadogo sana wanaoishi ndani ya mirija ya kupumulia ya nyuki. Sasa huitwa Acarapis woodi. Huingia katika nyuki wachanga siku chache tu baada ya kutoka kwenye sega, hunyonya damu yao na kuzaliana humohumo. Kwa kuwa wamejificha mwilini, kuwaua bila kumdhuru nyuki ni vigumu. Dawa ya Frow, iliyotolewa mwaka 1927, ilikuwa mvuke wa nitrobenzini, safroli na petroli. Bruda Adam hakuridhika na njia hiyo: kwake, dawa iliwaweka hai nyuki dhaifu, ambao wangerithisha udhaifu wao.

Baadaye wataalamu, hasa Leslie Bailey wa Rothamsted, walitilia shaka kwamba utitiri pekee ndio walioleta maafa yale, wakataja pia virusi vya kupooza na hali mbaya ya hewa. Tena nyuki weusi hawakutoweka kabisa kama Bruda Adam alivyoamini. Hata hivyo tofauti ya ustahimilivu kati ya aina za nyuki ilikuwa ya kweli: utitiri hao walipoingia Marekani mwaka 1984, nyuki wa Buckfast walionekana kuwa kati ya wale waliowastahimili vizuri.

Uzalishaji na safari

Ugumu wa kuzalisha nyuki ni kwamba malkia hupandwa angani, na madume wengi, mbali na mzinga. Mfugaji hawezi kumchagulia mume kama afanyavyo kwa ng'ombe. Mwaka 1925 Bruda Adam alianzisha kituo katika nyanda za Dartmoor, mahali pa upepo na baridi pasipokuwa na nyuki wengine jirani, ili malkia wakutane na madume aliowachagua tu.

Kuanzia mwaka 1950 alisafiri Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kutafuta nyuki wenye sifa za kuongeza katika uzao wake. Kuchanganya kulihitaji miaka mingi ya kuchuja, kwa kuwa machotara wa vizazi vya baadaye waweza kuwa wakali. Ndiyo maana wafugaji wa Buckfast huhitaji kupata malkia wapya mara kwa mara.

Mwaka 1987, akiwa na miaka 89, alifika Kilimanjaro, Tanzania, kutafuta nyuki wa milimani (Apis mellifera monticola), ambao ni weusi zaidi na wapole kuliko wale wa nyika za chini. Mwaka huohuo chuo kikuu cha sayansi za kilimo cha Uswidi kilimpa shahada ya heshima. Miaka miwili baadaye wafugaji wa Uswidi walichukua mbegu za nyuki hao katika Mlima Elgon, upande wa Kenya, wakazichanganya na Buckfast.

Miaka ya mwisho

Aliacha uongozi wa manzuki Februari 1992, akiwa na miaka 93. Miezi michache baadaye utitiri mwingine, Varroa, anayeshambulia nyuki kwa nje pamoja na majana ndani ya masega, alionekana Uingereza kwa mara ya kwanza, na ilikuwa Devon. Bruda Adam alikaa kwa muda katika kijiji alikozaliwa, akarudi abasiani, na mwishowe akahamia nyumba ya wazee ya jirani, alikofariki.